Mto kwa Kikombe

Mimi ni wa Kiirua, na kwetu maji ni ruuji. Nilipopata kazi kwa duka la mbegu mjini Runyenjes, nikakodisha chumba kwa shosho mmoja, bibi mzee wa huko, na siku ya kwanza nikamwomba ruuji ya kunywa. Alicheka hadi akashika mlango. Kwa Kiembu, lugha ya huko, maji ni manji, na hiyo ruuji yangu yeye aliisikia kama runji, yaani mto.

"Mto kwa kikombe?" akaniuliza kwa Kiembu. "Na samaki nikuwekee?"

Hapo ndio nilianza kujifunza. Mwalimu sikuwa naye, nilikuwa naandika maneno nyuma ya pakiti za mbegu. Kila asubuhi shosho aliniwekea ndoo ya maji mlangoni akaita, "Wewe wa ruuji, amka!" Nikikosea anacheka, ananiambia nikosee tena asikie vizuri. Na mtu akimsema shosho vibaya mbele yangu, tunakosana siku hiyo hiyo.

Lakini hasira zangu ziko karibu. Siku moja ya soko alikuja dukani, akasimulia ile ya mto mbele ya wateja. Wote wakacheka. Nikamwambia, "Shosho, mimi si kichekesho chako. Kuanzia leo ni Kiswahili tu!"

Kiswahili chake kilikuwa cha kusalimia na kuuza ndizi. Wiki mbili nzima nilimwongelesha hicho tu. Asubuhi moja akaweka ndoo chini, akajaribu: "Maji... ya wewe... iko hapa."

"Maji yako, shosho. Yako hapa," nikamrekebisha, kama mwalimu mwenye kiboko.

Hakujaribu tena. Wiki hiyo hiyo kifua kikamshika, akalazwa, hakurudi.

Kwa mazishi niliomba nafasi ya kuongea. Nilikuwa nimekariri Kiembu safi kwa siku mbili. Nikafika pale pa kusimulia ndoo ya asubuhi, badala ya manji mdomo ukasema ruuji. Watu wakacheka, pale pale kaburini. Hasira ikanipanda, halafu ikaisha yenyewe. Nikairudia kwa nguvu, ruuji, wacheke vizuri.

Siku hizi nakosea Kiembu kila mahali, na mtu akikosea Kiswahili mbele yangu simrekebishi. Lakini asubuhi bado nasikia ndoo ikiwekwa chini. Nafungua mlango, sakafu ni kavu.

"Ruuji," nasema, nangoja.

Hakuna anayecheka.