Ilimba na Kinanda

Rafiki yangu wa chuo alikuwa apige kinanda kwa mara ya kwanza kwenye klabu ndogo ya muziki hapa Dodoma. Lakini mzee mmoja kutoka Zuzu, ambaye wangepiga pamoja, alipoijaribu ilimba yake, sauti za vile vyuma vya kupigwa kwa vidole gumba hazikulingana kabisa na kinanda.

"Shikamoo, babu. Kwa nini usiirekebishe ifuate kinanda?" nikauliza.

"Marahaba. Niliitengeneza ifuate sauti ya bibi yenu. Na yeye nimrekebishe?"

Mkewe, aliyeshika kipaza sauti, akacheka.

Nilitaka kubisha. Mzee na mkewe wakaanza, na sauti zao zikashikana hivi kwamba sikujua chuma kinaishia wapi na bibi anaanzia wapi. Rafiki yangu akazima kinanda.

"Imekuuma?" nikamnong'oneza.

"Hebu nyamaza, nisikie."