Jicho la Kushoto la Mama

Nina studio ya picha mjini Kitale, chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa. Mama anaishi Malakisi. Miezi michache iliyopita alikuja kunitembelea, nikamwomba akae kitini nimpige picha. Alisitasita.

"Kamera yako siku hizi inatoa picha za ukungu," alisema.

Nilicheka. Picha zangu hazikuwa na ukungu wowote.

Baadaye niliikuza picha hiyo kwenye kompyuta ili nifute ule wekundu ambao taa ya kamera huacha machoni. Jicho la kulia lilikuwa jekundu kama kawaida. La kushoto lilikuwa na doa la kijivu, rangi ya maji yaliyooshewa mchele. Wekundu ule ni mwanga uliogonga ukuta wa nyuma wa jicho ukarudi. Kwa jicho hili, mwanga haukuwa ukifika.

"Mama, funika jicho la kulia. Unaniona?"

Akafunika. "Naona kuna mtu," akajibu.

Hapo ndipo aliponieleza. Alikuwa ameacha kushona. Kanisani alishika kitabu cha nyimbo lakini aliimba zile alizozikumbuka tu. La kulia nalo lilikuwa limeanza kufifia. Na jirani yake, rafiki tangu walipoolewa, hakuwa akimsemesha kwa miezi kadhaa, kwa sababu mama alimpita sokoni bila kumsalimu.

"Ati naringa," mama akasema.

"Kwa nini hukumwambia ukweli?"

"Watu wangesema niletwe kwako, nikae tu nikilishwa."

Niliona aibu. Kazi yangu ni kutazama nyuso za watu, na uso huu nilikuwa nimeupiga picha kila Krismasi.

Wiki iliyofuata nilimpeleka kliniki ya macho Bungoma. Daktari, mwanamke kijana, alimmulika na kusema ni mtoto wa jicho: lenzi iliyo ndani imeingia ukungu. Nikadakia kwa ujuzi wangu kwamba ni kama lenzi ya kamera ikichafuka.

"Karibu sawa," daktari akasema. "Lakini ya kamera husogea mbele na nyuma kutafuta picha. Ya jicho hukaa pale pale, inajinenepesha kwa vitu vya karibu na kujinyoosha kwa vya mbali. Na picha hufika nyuma ikiwa imepinduka. Ubongo ndio unaielewa."

Mama akageuka. "Kwa hivyo miaka hii yote mmekuwa mkisimama kichwa chini ndani yangu?"

Daktari alicheka mpaka akaweka tochi chini. Kisha mama akauliza kwa sauti ndogo, "Mtalitoa jicho?"

"Hapana, mama. Tunatoa lenzi iliyoharibika peke yake, tunaweka nyingine."

Upasuaji ulikuwa mfupi kuliko nilivyoogopa. Asubuhi ya pili walipotoa bandeji, mama aliangalia ukuta, akamwangalia muuguzi, halafu mimi.

"Hiyo sweta ni ya bluu?" akauliza. "Na wewe, kumbe umeanza kuota mvi!"

Nilimkumbatia kwa uangalifu, nikiogopa kuligusa jicho.

Tulipofika Malakisi hakutaka hata kuweka mkoba chini. Alienda moja kwa moja kwa jirani, mimi nikimfuata. Tulimkuta akimenya maharagwe.

"Nimekuja kukusalimia," mama akasema. "Siku ile sokoni sikukuona."

"Ulipita hapa karibu, hivi!"

"Hata hapo karibu sikukuona. Macho yalikuwa yamekufa."

Jirani aliinuka, akasogea, akamtazama mama machoni. Machozi yakamtoka, na hasira pia.

"Si ungesema? Mimi si ningekushika mkono?"

Mama alikaa kwenye mkeka, akavuta sinia na kuanza kumenya naye.

Jicho la kulia litafanyiwa upasuaji baada ya mavuno. Jirani amesema safari hiyo atampeleka yeye, mimi nibaki Kitale nifanye kazi yangu.