Sura ya Matonya Kwenye Bango

Mume wangu Gulamrasul hajachora uso wa mtu tangu mwaka sabini na tisa. Pita Makole yote hapa Dodoma, pita sokoni, kila kibao cha kinyozi alichoandika yeye utaona mkasi na kitana, kichwa hakuna. Wateja wanamtania: “Mzee Gulam, hapa tunanyolewa hewa?” Yeye anacheka kidogo tu, anaendelea kusafisha brashi. Mimi Sherbanu, mkewe, nina mdomo na sijawahi kuuficha. Basi nitasema mwenyewe kwa nini aliacha.

Zamani alichora nyuso sana. Tatizo aliijua sura moja tu, ya Matonya. Huyu alikuwa fundi baiskeli barazani kwetu, Mgogo wa Mpwapwa, mrefu, shingo imesimama, mtu asiye na makuu. Gulam akitaka kichwa anapiga kelele dirishani, “Matonya, geuka!” Matonya anageuka na spana mkononi, anatulia dakika kumi, anarudi kwenye pancha zake. Kinyozi wa sokoni, Matonya. Dawa ya kikohozi, Matonya. Duka la miwani la Dharmesh, Matonya kavaa miwani, na macho yake mazima kabisa! Mji mzima ulijua na ulicheka, na hakuna aliyedhani Matonya anakohoa.

Vita vya Kagera vilipoanza mwishoni mwa sabini na nane, ofisi moja ya hapa mjini ikaagiza mabango. Nchi ilikuwa imevamiwa, redio hazizimwi, na sisi tulio mbali na mpaka tulitakiwa kutoa tulichonacho: ng'ombe, mtama, malori, vijana. Afisa alitaka mwanamgambo anayekutazama machoni, na chini yake maneno: MIMI NIMEKWENDA. WEWE UNATOA NINI? Gulam akafungua dirisha.

“Matonya, geuka!”

Tulichapa mia tano kwa fremu ya kitambaa cha hariri, nami nikiyaanika uani kwenye kamba, bi harusi wa miezi minne, mikono myekundu kwa wino. Nisiwe mnafiki, nilijivuna. Lilikuwa bango zuri. Yakabandikwa kwa uji wa ngano sokoni, stesheni, kwenye maghala na kwenye mabasi ya Kongwa, Kondoa na Mpwapwa.

Watu wakatoa, tena wakatoa kwa moyo. Kijijini kwa akina Matonya, wazee walipomwona mtoto wao kwenye bango walikaa kikao wakatoa ng'ombe kumi na mbili. Mama yake akatoa dume lake la pekee, akapigiwa vigelegele. Watu wa mjini walijua mchezo wa Gulam, wale wa kijijini wangejuaje? Kwao picha ilikuwa ushahidi. Na hata wa mjini, ajabu, wakasahau. Kikohozi ni kikohozi, lakini vita si jambo la kutania.

Wakaanza kumwuliza, “Mbona bado upo?” Mara ya kwanza alicheka. Mara ya kumi hakucheka. Waliokuwa wakimletea baiskeli wakawa wanapita wakitema mate. Asubuhi moja alikuta juu ya kisanduku chake cha vifaa khanga mpya, imefungwa vizuri ndani ya gazeti. Akaikung'uta vumbi, akanipa mimi.

Alhamisi moja akaingia ndani, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo, akavua kofia. “Gulam, nakuomba, chora mtu mwingine. Mke wangu Yudith kule kijijini ana mimba ya miezi saba. Sitaki kwenda.”

Nilikuwepo, nimeshika fremu. Mume wangu akajibu bila kugeuka, “Afisa anataka mia tano nyingine kesho. Maneno ya watu yatapita tu, bwana.”

Jumatatu Matonya akajiandikisha. Mwezi wa nne habari zikaja kuwa amefia ng'ambo ya mpaka, kazikwa hukohuko.

Gulam alitaka kwenda Mpwapwa kumweleza mjane kila kitu. Mimi ndiye niliyemzuia. Nilisimama mlangoni nikamwambia, “Una wazimu wewe? Ana kichanga mkononi, kabakiwa na ushujaa wa mumewe tu, na wewe unataka kumnyang'anya?” Akanisikiliza. Tukatuma rambirambi kwa mtu, tukafunga midomo. Fremu ile aliichoma uani, na nyuso zikaisha.

Sasa mwaka huu akaja Brightness, binti anayesoma chuo kule Chimwaga. Ana adabu zake. “Shikamoo babu, shikamoo bibi.” Akatoa kwenye begi bango letu. Alilikuta stoo ya ofisi fulani, akafuatilia herufi mbili za sahihi pale pembeni mpaka akafika kwetu. Anaandaa maonyesho ya mabango ya vita, na wazee wa Mpwapwa wameshamtajia mwenye sura ile. Akasoma kwenye daftari lake: “Chini yake nataka niandike, ‘Matonya wa Mpwapwa, aliyekwenda vitani kwa hiari yake.’ Niko sahihi, babu?”

Gulam akaangalia mikono yake.

“Na mkewe yupo hai,” Brightness akaendelea, uso umejaa furaha. “Bibi Yudith. Nimeshampata. Nataka awe mgeni wa heshima.”

Siku tatu mume wangu hakula. Nilipika pilau, nikapika kuku, wapi. Siku ya tatu nikasukuma sahani mbele yake: “Baba Imran, kama umeniandalia ujane niambie nijipange!”

“Nitakwenda Mpwapwa,” akasema. “Siwezi kumweka yule mama mbele ya watu, asomewe uongo wangu.”

Nikampigia kelele, sikatai. Kwamba daktari alimwambia moyo wake hautaki misukosuko. Kwamba Yudith ni mzee, amwache afe na shujaa wake. Na kwamba akitulaani je? Alinisikiliza mpaka nikachoka, halafu akasema taratibu, “Mara ya kwanza nilikutii, Sherbanu.” Nikaenda kufunga mabegi.

Kutoka stendi ya Mpwapwa tulichukua bodaboda, mimi na miaka yangu sitini na minane, nimemng'ang'ania kijana wa watu kiunoni huku nikitamka shahada. Yudith anakaa kwenye nyumba ya bati nyuma ya kanisa. Binti yake Elieth, yule aliyekuwa tumboni, alitupokea na kutuletea viti, kisha akarudi uani kupepeta karanga. Nikatupa macho ukutani kulitafuta bango, maana nilidhani litakuwa limewekwa kwenye fremu. Kulikuwa na kalenda ya kanisa tu.

Gulam alisema yote. Dirisha, Alhamisi ile, kofia, jibu lake bila kugeuka. Hakujitetea, na mimi hakunitaja kabisa. Yudith alisikiliza mikono ikiwa mapajani, mama mwembamba mwenye kitambaa cheupe kichwani. Gulam alipomaliza, akauliza neno moja.

“Alikuomba umfute?”

“Aliniomba, mama. Alisema hataki kwenda. Alikutaja wewe kwa jina, na mimba yako.”

Yudith akageuza uso. Alipoanza kusema alikuwa anautazama mlango, si sisi.

“Mimi aliniambia kajitolea mwenyewe. Nilimshika shati nikamwambia, ngoja basi nijifungue. Akasema, ‘Nimeshaamua, Yudith.’ Nikalikumbuka lile bango, nikasema kumbe kaamua zamani, hata picha ameshapigwa, mimi na tumbo langu hatukuwa watu kwake. Aliniomba mtoto akiwa wa kike aitwe jina la mama yake. Nikakataa. Msiba ulipokuja sikulia. Wakanisifu, Yudith ana moyo wa chuma. Moyo gani? Nilikuwa nimenuna. Nimemnunia marehemu miaka arobaini na mitano.”

Mume wangu akapiga magoti. Mtu wa miaka sabini na minne, magoti yenyewe mabovu, yuko chini kwenye sakafu ya saruji analia.

“Inuka, baba,” Yudith akasema. “Kuchora nimekusamehe, ulikuwa kazini. Kunyamaza ndiko nisikokuelewa. Ungekuja siku ile ya msiba, ningemlilia mume wangu.”

Hapo nikashindwa kukaa. “Mimi ndiye niliyemzuia, dada. Yeye alitaka kuja. Nilikuonea huruma.”

Akanigeukia. Wallahi nimetukanwa na watu wengi maishani, na wengi nimewarudishia, lakini kwa jicho lile niliinamisha kichwa. “Ulinionea huruma,” akasema polepole. Akavuta kitambaa kutoka kichwani akajifunika uso, kisha akapiga kelele moja ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima, “Matonya! Matonya wangu! Nisamehe, baba Elieth!” Akaanguka kutoka kwenye kigoda. Nikamdaka, akanishika shingoni, mimi yuleyule, akalia kwa sauti mpaka majirani wakaanza kusogea uani.

Elieth akaingia mbio, ungo bado mkononi, karanga zinamwagika. Alitutazama sisi, akamtazama mama yake.

“Mama, kuna msiba? Nani amefariki?”

“Baba yako,” Yudith akasema.