Pengo la Upande wa Chemchemi

Nilipokuwa mtoto wa mapengo mawili mbele, Mjomba Obbo alinitania kwamba mdomo wangu umeiga ngome yetu. Ngome hiyo, kule Molo ya Tororo, Uganda, ni boma la udongo la mababu, juu ya kilima, limezungukwa na handaki lililoota nyasi. Nyanya yangu, mama yake Obbo, alinilea humo ndani. Kando ya handaki kulikuwa na kijia, ila mduara wake haukukamilika. Kikifika upande wa chemchemi kiliacha nyasi kidogo, kisha kikaendelea. Kila aliyekifuata aligeuka hapo akarudi; waendao chemchemini walitokea penye pengo hilo. Nyanya alisema anayeuziba mduara humfungia mtu ndani, na aliyefungiwa hatoki.

Kisha wakaja watu wa utalii kuchora njia za matembezi. Mpimaji wao, kijana mpole wa Busia ya Kenya, alipanga mawe yaliyopakwa chokaa: hapa wageni watazame handaki, pale wauone Mwamba wa Tororo. Mjomba alimbebea kamba. Walipofika penye pengo wakamkuta Nyanya kaketi nyasini, miguu kainyoosha, ungo wa karanga mapajani, nami namenya pembeni yake.

"Samahani mama, njia inapita hapo."

"Kijana, hapa hapana funga. Iko mtu atabaki ndani."

"Haya, mama!" Mjomba akacheka kwa aibu. "Hii ni njia ya wageni kutembea, si mtego ya panya."

"Panya pia waliambiwa hivyo."

Tulicheka sote, Nyanya naye. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Walicheka naye, wakamwita mama, wakala karanga zake. Halafu yule kijana hakumsogeza, wala hakumgusa. Aliyapanga mawe nyuma ya mgongo wake, taratibu, mpaka yakakutana. Nyanya akageuka, akayatazama. Mimi nilikuwa na karanga kiganjani, nangoja mtu mzima yeyote aseme kitu.

Mawe yalifuatwa na waya, na geti likawekwa upande wa pili wa kilima. Chemchemi ikabaki nje. Nyanya, na magoti yake yale, akawa anazunguka kilima kizima na mtungi. Baadaye akaacha hata kuzunguka. Akawa wa kuletewa maji.

Siku hizi niko chuo kikuu, na katika midahalo wananiogopa. Ningemuuliza yule kijana: ng'ombe wapite wapi? Mgonjwa je? Nani kakwambia mwiko ni ujinga, wakati ndio uliolinda mlango wa watu wasio na askari? Hoja ninazo, tena kali. Lakini nitamwambia nani? Mawe?

Mwaka jana tulimleta Nyanya kutoka hospitali ya Tororo, tumzike kando ya babu. Mlinzi wa geti nilisoma naye shule ya msingi. Akavua kofia.

"Pole sana, dada. Lakini jeneza ipite njia ya wageni. Ndiyo njia iko."

Nikafungua mdomo, mimi msemaji, nikaufunga. Tukapita.

Kaburini mhubiri alisema marehemu ameacha pengo lisilozibika. Watu wakaitikia amina. Mimi nilitazama upande wa chemchemi, mawe yalipokutana, meupe, yamepakwa chokaa upya.