Gari Lisilo na Klachi Tulilolifuata Goba

Mkweche, mkweche! Haya, gari letu ni mkweche. Lakini kabla hamjaendelea kunicheka hapo kijiweni nisikilizeni basi, maana nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Mdogo wangu Zuhura mguu wake wa kushoto haufanyi kazi tangu utotoni, anatembelea magongo. Mabasi ya asubuhi hayamsubiri. Chuo cha ualimu walishamwambia, akichelewa tena mazoezi ya kufundisha anarudia mwaka. Sasa gari la klachi, hiyo klachi angeikanyaga na mguu gani? Tulitaka otomatiki, na kwa hela ya mama lilipatikana moja tu, Goba huko.

Alfajiri tuliondoka Temeke, mie na mama. Ufundi sikusomea, nimejifunzia chini ya magari ya watu, ila mama alinichukua kama mtaalamu wake. Kufika Mwenge jua limeshawaka. Kutoka kituo cha Tangi Bovu tukapanda kwa miguu, vumbi mpaka kwenye meno, kilima kikiisha kinaanza kingine.

"Mama, tupumzike."

"Pumzika wewe. Likiuzwa, Zuhura utambeba mgongoni?"

Saa sita tukafika kwa Mzee Mshamu, dereva mstaafu. Kigari kipo kwenye banda la makuti, rangi imepauka, mita inasoma kilomita laki mbili na themanini elfu na ushee. Nikaguna.

"Sijairudisha nyuma hiyo," akasema mzee. "Zote nimeziendesha mie."

Kabla sijafungua boneti mkewe akatandika mkeka: wali wa nazi, samaki, mchicha. Watu wa pwani sie hatukatai, na kwa njaa ile! Nikala sahani mbili. Hapo ndipo nilipokosea. Chakula cha mtu ukishakila, mali yake utaanzaje kuiponda?

Nikaingia uvunguni. Tanki la petroli limezibwa kwa sabuni ya mche. Rejeta, ile ya maji ya kupozea injini, inavuja. Damu ikanipanda, nikatoka huko mdomo wazi, mama akanibana mkono.

"Tumekula kwao," akaninong'oneza. "Usinitie aibu."

Nikameza. Mie, kunyamaza! Jasho lilinitoka kuliko kule kilimani.

Mzee akaniangalia. "Sema, kijana. Nimekulisha ushibe, sikukulisha unyamaze."

"Tanki linavuja, mzee!"

"Linavuja. Rejeta pia. Na breki ya nyuma kushoto imekufa, hiyo hukuiona." Akacheka mpaka akakohoa. "Fundi gani we, huangalii breki?"

Nilitamani nirudi uvunguni. Bei akaipunguza mwenyewe, sie hatujaomba.

Saa tisa tukaanza kurudi. Vile vilima nilivishuka na gea ndogo, mkono kwenye hendibreki, mama anasoma kila dua anayoijua. Mwenge likachemka. Magomeni likachemka tena, mama akashuka na dumu kuomba maji kwenye nyumba za watu.

"Maji haya ningefulia wiki nzima," akasema, na hakutabasamu.

Jua linazama tukaingia Temeke, mgongo wangu umekufa ganzi. Zuhura akasogea na magongo yake, akakaa kwenye usukani.

"Kaka, mguu mmoja tu unatosha?"

"Mmoja tu."

Akalizungusha uwanjani taratibu, kuku wanakimbia, mama kakaa chini kwenye ngazi hawezi hata kuvua viatu.

Breki, tanki na rejeta nilivimaliza kwa siku nne, nikimfundisha barabara jioni jioni mpaka akapata leseni. Nilichojifunza ni kidogo: aliyekutajia ubovu kwa mdomo wake, nunua kwake, hata mita ikiwa imechoka kama wewe. Zuhura hajachelewa tena hata siku moja.

Sasa wewe uliyekuwa unampitaga kituoni kila asubuhi, gari lako jipya, viti vitupu, unacheka nini?