Maji ya Kaburi la Mgeni

Miaka ishirini nimechimba makaburi hapa Quiterajo, na hakuna maiti hata mmoja aliyewahi kunisumbua. Wanaonisumbua ni walio hai. Juzi walinijia wakiapa kwamba makaburini kuna mzuka: kaburi moja linalowa kila siku, na mvua hatujaiona miezi mitatu. "Dauto, nenda kaangalie," wakaniambia, wenyewe wakabaki barazani. Waoga wakubwa!

Nikaenda adhuhuri, jua la utosi, nikajibanza nyuma ya ukuta. Mzuka wenyewe ukaja na ndoo kichwani: Bi Wahida, muuza vitumbua. Akalimwagia maji kaburi la mgeni, yule maiti tuliyemwokota ufukweni bila jina.

"Dada, huyo si mumeo," nikamwambia kwa ukali.

"Najua, kaka. Wangu alianguka njia ya Awasse tulipokimbia vita, nikamwacha palepale. Namwagia maji huyu wa wenzetu. Huenda na huko kuna mtu anammwagia wangu."

Nikageuka, nikaondoka. Wale wa barazani niliwaambia mzuka upo, tena mkali, asisogee mtu.

Mji mzima nimeuzika mimi. Lakini binti yangu Nadia alikata roho mgongoni mwangu katika mbio zilezile, nikamlaza kichakani, sikumfukia hata kwa majani.

Kesho yake adhuhuri nilibeba ndoo yangu. Kuna kaburi la pili la mgeni kule. Nililichimba mwenyewe, halikunichosha, lilikuwa fupi.