Mfagia Dohani Anayetafuta Rimu za Kumbeba Baba

Saa mbili kasorobo asubuhi ya Jumamosi, Friederike Retterath amesimama juu ya paa la vigae vilivyolowa ukungu, anashusha brashi ya waya ndani ya dohani. Brashi inateremka ikikwaruza. Mara nyingi mkwaruzo huo humwambia kila kitu: kama masizi ni makavu, kama kuna kiota cha ndege, kama mwenye nyumba amechoma kuni mbichi. Leo hausikii.

"Namba kubwa ndani, namba ndogo nje," ananong'ona. Kisha anasita. "Au namba ndogo ndani?"

Chini, mwenye nyumba, Bi. Pauly, amesimama mlangoni na kikombe cha kahawa.

"Rike, unazungumza na nani huko juu?"

"Na magurudumu, Bi. Pauly."

"Bado hayo? Chukua inchi kumi na saba umalize. Mpwa wangu ana kumi na nane na hajafa."

"Mpwa wako gari lake linaenda benki na kurudi."

"Ndiyo maana hajafa."

Rike, kama wanavyomwita wote hapa kwenye vilima vya Eifel, Ujerumani, ana miaka thelathini na minne. Ni mfagia dohani wa vijiji kadhaa, analipwa mshahara wa kawaida wa fundi, na ana gari moja tu, dogo, la milango mitatu. Siku za kazi gari hilo hubeba ngazi juu na brashi nyuma. Jioni za kiangazi, Ring inapofunguliwa kwa watu wote, hushusha ngazi, hukung'uta masizi kwenye kiti, huvaa helmeti na kwenda kupanga foleni getini.

Ring ni barabara ya mashindano inayopita katikati ya misitu, lakini kisheria siku hizo ni barabara ya kulipia kama nyingine. Gari linaloingia lazima liwe na namba na liwe limepita ukaguzi. Kwa hiyo gari lile lile linalopanda kwa Bi. Pauly kwenye mashimo na kokoto ndilo linaloteremka mabonde ya Ring kwa kasi. Rimu zake lazima ziziweze barabara zote mbili.

Hapo ndipo kichwa kinapoanza kumuuma.

Majira ya kuchipua yaliyopita, rimu moja ya inchi kumi na sita, ya kiwandani, ilipinda kwenye shimo alipokuwa akiwahi dohani la shule. Haikunyooka tena. Tangu hapo amekuwa akiuliza watu, na kila anayemuuliza ana jibu.

"Kumi na tano ni nyepesi, na tairi lake lina ukuta mnene unaovumilia mashimo," anaeleza akiwa amekaa ukingoni mwa paa, akihesabu kwa vidole vyeusi. "Lakini breki zangu za mbele ni kubwa, zinakaribia kugusa chuma cha rimu. Kumi na saba zinapendeza na usukani unajibu haraka. Ila ni nzito, na shimo moja tu linatosha kuzipinda. Kumi na sita ziko katikati, na katikati ndipo nilipopindisha ile ya kwanza. Sasa niambie."

Mtu ambaye Rike amemuuliza mara nyingi kuliko wote ni Jupp Romes, mwenye karakana ya matairi kijijini.

"Jupp aliniambia kumi na sita. Nikarudi kesho yake akaniambia kumi na tano. Nikamwambia, jana ulisema kumi na sita. Akasema, jana uliuliza vibaya."

Wakati huohuo, watu wanaamini mfagia dohani analeta bahati. Kwenye uwanja wa kuegesha magari wa Ring, madereva wenye magari ya bei kubwa humfuata waguse kifungo cha dhahabu cha koti lake jeusi kabla hawajaingia. Yeye husimama akawaachia. "Nagawa bahati kwa wote," anasema. "Halafu nageuka, natazama magurudumu yangu, sielewi kitu."

Mwaka huu hakuna muda mwingi wa kutoelewa. Baba yake, Winand Retterath, ana miaka sabini na sita. Alifanya kazi ya lami maisha yake yote, na miaka mingi kati ya hiyo alikuwa akiziba nyufa za Ring. Anaijua kona kwa kona, kwa miguu na kwa koleo. Kwa gari amewahi kuizunguka ndani ya lori la lami tu, taratibu kama msafara wa mazishi. Sasa nyonga zimechoka, ngazi za nyumba zinamshinda, na Jumanne ijayo anahamia kwa dada yake Emden, pwani ya kaskazini, ambako hata mwinuko wa kuzuia upepo hakuna. Ring inafungwa kwa majira ya baridi Jumapili, siku mbili kabla hajaondoka.

Ameomba jambo moja kwa binti yake: mzunguko mmoja akiwa abiria, kwa mwendo wa kweli.

Na kwa kuwa alijua anahangaika na rimu, akaamua kumsaidia. Siku ya kuzaliwa kwa Rike, alifungua mlango wa gereji na kumwonyesha seti nzima ya aloi za inchi kumi na saba, zimepangwa juu ya blanketi, zimesuguliwa kwa kitambaa mpaka zinang'aa.

"Nilizichagua mwenyewe," alimwambia. "Sikumuuliza Jupp."

Rike anakiri kwamba moyo ulimruka, kisha ukasita. "Ningesema nini? Mzee alikuwa amezitandikia blanketi lake la kitandani."

Jupp alizifunga. Siku ileile Winand akataka azungushwe kijijini, kidogo tu, mpaka kanisani na kurudi. Kwenye bonde la karibu na kanisa ikasikika kelele: kwaruu, fupi, halafu kimya.

"Hiyo ni ngazi yako," alisema baba. "Hukuifunga vizuri."

Rike akaona baba yuko sahihi. Alipomshusha nyumbani, akaitoa ngazi kwenye paa la gari, akarudi bondeni peke yake, akapita mara mbili. Kimya kabisa. Ikawa imethibitika kwamba ni ngazi. Alipoegesha akaona vumbi jeusi kwenye ukingo wa ndani wa madigadi, juu ya tairi la mbele la kulia. Akalipangusa kwa kiganja bila kufikiri mara mbili.

"Mimi kila kitu changu kina masizi," anasema. "Mkate wangu una masizi. Ningeshuku vipi?"

Rimu mpya za ukubwa usio kwenye kadi ya gari lazima zipitishwe na mkaguzi, na mkaguzi hufika karakana ya Jupp kila Alhamisi. Bwana Theisen ni mtu mpole mwenye sauti ya chini, anayepiga magoti kwenye sakafu ya mafuta bila kujali suruali yake. Winand alikuja kutazama zawadi yake ikipitishwa. Alivaa tai.

Bwana Theisen akazunguka gari, akachuchumaa, akasoma maandishi yaliyochongwa nyuma ya rimu, akakohoa.

"Bwana Retterath, naomba ukae kiti cha mbele."

"Mimi? Kwa nini mimi?"

"Gari hukaguliwa likiwa na mzigo."

Sauti ya Jupp ikatoka nyuma ya rundo la matairi. "Winand, hatimaye umepata kazi inayokufaa."

"Nyamaza wewe. Ingia kiti cha nyuma. Wewe nawe si manyoya."

Wakaingia, mmoja akiguna na mwingine akicheka. Bwana Theisen akaliendesha gari mpaka gurudumu la mbele la kulia likapanda kijukwaa cha chuma na springi ya upande huo ikabonyea. Akazungusha usukani polepole.

Kwaruu.

"Ngazi," alisema Winand kutoka kwenye kiti.

Wote wakageuka. Ngazi ilikuwa imeegemezwa ukutani, upande wa pili wa karakana.

Bwana Theisen akashuka, akapenyeza mkono juu ya tairi, akautoa. Vidole vilikuwa vyeusi. "Si masizi haya, Bi. Retterath," alisema. "Ni mpira wa tairi."

Kelele ilikuwa ya baba. Akiwa ndani, gari linakaa chini na tairi linauma madigadi. Akishuka, linanyamaza.

Kiini kilikuwa namba moja ndogo iliyochongwa kwenye chuma, baada ya herufi mbili, ET. Ni kifupi cha neno la Kijerumani lenye maana ya kina cha kuingizwa. Namba ikiwa kubwa, gurudumu linajificha ndani ya madigadi. Ikiwa ndogo, linachungulia nje. Gari la Rike linahitaji thelathini na nane. Zawadi ilikuwa na ishirini, na rimu zenyewe zilikuwa pana zaidi, kwa hiyo magurudumu yalitokeza kwa karibu upana wa kidole gumba.

"Lakini nilichukua kina kidogo makusudi," Winand alisema akiwa bado ndani ya gari, mkanda umemkaba tai. "Sahani bapa ina kina kidogo, haitokezi. Bakuli la supu lina kina kikubwa. Nani asiyejua hivyo?"

Jupp akainama mbele kutoka kiti cha nyuma.

"Kila mwezi ananijia mtu na sahani yake," alisema kwa sauti ya upole isiyo yake. "Si wewe peke yako, Winand."

Bwana Theisen akasema ukingo unaweza kukunjwa, springi ngumu zinaweza kufungwa, na gari liletwe tena Alhamisi inayofuata. Hakuahidi kwamba litapita. Alhamisi inayofuata Winand angekuwa Emden.

Jioni ile baba na binti walikaa jikoni mbele ya supu ya dengu. Rike anasema hakujua aanzie wapi, kwa hiyo alikula. Baba ndiye aliyeanza.

"Ulijua?"

"Nilidhani ni ngazi."

"Na mimi ndiye niliyekuambia ni ngazi." Akavunja mkate. "Kwa hiyo mimi ni mzito, au?"

"Mkaguzi amesema wewe ni mzigo wa kawaida kabisa, kisheria."

Akacheka mpaka akaweka kijiko chini. Kisha akauliza swali ambalo, kwa miezi yote ile, watu walikuwa wakilijibu kabla hawajamuuliza.

"Wewe mwenyewe ungechagua zipi?"

"Nadhani kumi na tano."

"Kumi na tano? Gari litaonekana limevaa viatu vya mtoto."

"Najua, baba. Lakini ukuta wa tairi ni mnene. Hata kule ulikoziba nyufa, gari halitaruka sana."

Winand alifikiri. "Ule mteremko wa msituni una bonde baya chini yake," alisema. "Niliweka lami pale mara tatu, likashuka mara tatu. Hapo gari linalala chini kabisa. Zile zangu zingekwaruza hapo, si hivyo?"

"Zingekwaruza."

"Basi viatu vya mtoto."

Ijumaa Jupp alitoa seti ya aloi za kumi na tano kutoka nyuma ya stoo, zenye namba thelathini na nane, zilizoachwa na mteja aliyehama. Ukubwa huo umo tayari kwenye kadi ya gari, ndio wa matairi ya baridi, na rimu zina karatasi zake za idhini. Ilibaki hofu ya breki. Jupp akafunga rimu moja, akachukua kadi ya posta, akaipitisha kati ya chuma cha breki na rimu. Kadi moja ilipita. Mbili zilikataa.

"Inatosha?" Rike aliuliza.

"Moja inatosha."

"Juzi ulisema kumi na sita."

"Juzi uliuliza vibaya."

Wakamwita Winand, akakaa kiti cha mbele, safari hii bila tai. Gurudumu likapandishwa kwenye kijukwaa, usukani ukazungushwa mpaka mwisho, kulia na kushoto. Hakikusikika chochote isipokuwa pumzi za mzee.

Rike bado hana uhakika. Anashuka kwenye paa la Bi. Pauly, anafungia brashi kwenye buti, analitazama gari lililosimama juu ya magurudumu yake madogo, na kuinamisha kichwa upande mmoja, kisha mwingine. Huenda gia zitamchanganya. Huenda breki zitapata joto. Huenda mwakani atarudi kwenye kumi na sita, aanze mabishano upya na Jupp. Zile kumi na saba baba hataki ziuzwe. Amesema ziwekwe gerejini mpaka apatikane mtu mwembamba.

"Sijui kama hili ndilo jibu la gari hili," anasema. "Ni jibu la Jumapili. Baba yangu atakaa pembeni yangu, aniambie kila mahali alipoweka koleo, na nitamsikia, kwa sababu hakuna kitakachokwaruza."

Winand amemwonya asimwendeshe kama trei ya mayai, na amesema mzunguko mmoja unamtosha, asijisumbue. Rike ameshanunua tiketi ya mizunguko miwili. Wa pili hajamwambia.